Kuzaliwa, kuoana na kufariki ng'ambo: jinsi ya kusajili nyumbani Kenya

Mtoto amewasili kutoka Saudi Arabia, ameshikwa mkono na rafiki wa mama yake. Ana miaka mitano, Kiarabu anakijua kuliko Kiswahili, na mama mwenyewe bado yuko kazini huko. Nyanya amempokea, amemwogesha, amempikia uji, na Jumatatu amempeleka shule. Mwalimu mkuu hakumkataa, ila ameuliza swali moja: cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi?

Nyanya hana cha kujibu. Jioni majirani wanakuja na ushauri wao: "Mwandikishe tu kama aliyezaliwa hapa kijijini. Nani atajua?"

Huu ni mfano, lakini kila tunapozungumzia jamaa walio ng'ambo kwenye kipindi, simu na jumbe za namna hii huja kwa wingi. Ndiyo sababu tumeyaweka maelezo haya hapa, ili uyasome polepole kwenye simu yako na umsomee asiyeweza kusoma.

Kwa kifupi:

- Mtoto wa Mkenya ni Mkenya hata akizaliwa nje ya nchi. Mzazi mmoja Mkenya anatosha.
- Usidanganye kuhusu mahali alikozaliwa. Ukweli haumnyimi uraia, bali uongo ndio utakaomsumbua.
- Cheti cha ng'ambo ndicho mwanzo wa kila kitu. Kipate huko huko, kithibitishwe, kisha kipelekwe kwa ubalozi au kwa msajili wa Kenya.
- Kwa ndoa na kifo ni hivyo hivyo: bila karatasi, familia iliyobaki nyumbani ndiyo inayoumia kwenye urithi, shamba na pesa za benki.

Sheria inasema nini kuhusu uraia

Katiba ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, inasema katika Ibara ya 14 kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia wa Kenya. Inasema wazi kuwa haijalishi kama alizaliwa Kenya au nje. Wala haiulizi kama wazazi walikuwa wameoana.

Jina lenyewe huwapotosha wengi. Wakisikia "uraia wa kuzaliwa" hudhani maana yake ni kuzaliwa katika ardhi ya Kenya. Sivyo. Maana yake ni kuzaliwa na Mkenya. Nairobi, Voi, Riyadh au Chicago, kwa jambo hili ni sawa.

Hali haikuwa hivyo zamani. Chini ya katiba ya awali, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alikuwa raia kama baba yake alikuwa raia. Mama Mkenya aliyejifungua ng'ambo kwa baba mgeni hakuweza kumpa mwanawe uraia wake moja kwa moja. Katiba ya 2010 iliondoa tofauti hiyo, tena ikarudi nyuma: waliozaliwa kabla ya 2010, ndani au nje ya nchi, nao ni raia ikiwa mzazi mmoja ni au alikuwa raia. Kwa hiyo kama una ndugu aliyezaliwa ng'ambo miaka ya tisini na kuambiwa wakati ule kuwa yeye si Mkenya, mwambie aulize tena.

Haki hiyo mtoto anayo tangu siku ya kwanza. Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi, na kazi ya usajili ni kuupata.

Nchi alikozaliwa mtoto nayo ina sheria zake. Marekani na Kanada humpa uraia wao mtoto aliyezaliwa katika ardhi yao, ingawa Marekani jambo hilo limezua ubishi wa kisiasa na wa mahakamani. Uingereza haifanyi hivyo tangu tarehe 1 Januari 1983: mtoto aliyezaliwa huko ni Mwingereza ikiwa mzazi mmoja ni raia au ana ukaazi wa kudumu. Nchi za Ghuba kama Saudi Arabia, Oman na Qatar hufuata damu, hasa ya baba, na mtoto wa mfanyakazi wa kigeni hapati uraia wao kwa kuzaliwa tu. Kwa mtoto wa Mkenya aliyezaliwa Riyadh au Muscat, basi, karatasi ya Kenya ndiyo pekee itakayomtambulisha duniani. Isipopatikana, anakuwa hana kwao.

Kumsajili mtoto akiwa bado ng'ambo

Njia fupi ni kumaliza mambo huko huko kabla mtoto hajasafiri. Hatua ni hizi:

1. Pata cheti cha kuzaliwa cha nchi hiyo. Karatasi ya hospitali ni taarifa ya kuzaliwa, haijawa cheti. Kila nchi ina muda wake. England na Wales ni siku 42, Scotland ni siku 21. Mzazi aulize hospitalini kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

2. Omba cheti kirefu. Uingereza hutoa vyeti vya aina mbili. Kile kifupi hakionyeshi majina ya wazazi, na cheti kisicho na jina la mzazi hakimsaidii mtu anayetaka kuthibitisha kuwa mzazi wake ni Mkenya. Tena huko, baba ambaye hajamwoa mama haandikwi tu kwa kutajwa jina. Njia ya kawaida ni wazazi wote wawili kufika kwa msajili pamoja.

3. Kama cheti si cha Kiingereza, kitafsiriwe na mfasiri anayetambuliwa na serikali. Tafsiri ya rafiki haikubaliki.

4. Kithibitishwe. Mara nyingi hii ina maana ya muhuri wa wizara ya mambo ya nje ya nchi kilikotolewa, kisha muhuri wa ubalozi. Marekani vyeti vya kuzaliwa hutolewa na majimbo, si na serikali kuu, kwa hiyo uthibitisho nao huanzia kwenye jimbo.

5. Kipelekwe ubalozi wa Kenya pamoja na fomu ya kusajili kizazi kilichotokea nje ya nchi, na nakala za pasipoti na vitambulisho vya wazazi. Kenya ina balozi Riyadh, Abu Dhabi, Doha, Kuwait na Muscat, na nyingine nyingi Ulaya na Amerika. Ubalozi hutuma maombi kwa msajili wa vizazi na vifo Nairobi.

Kazi ya familia iliyo nyumbani ni kutuma kinachohitajika upesi: nakala safi ya cheti cha kuzaliwa cha mama au baba, na kitambulisho chake. Piga picha mchana, kwenye mwanga wa kutosha, karatasi ikiwa imelazwa na pembe zake zote nne zikionekana. Picha yenye kivuli cha mkono hurudishwa.

Mtoto aliyepata uraia wa nchi nyingine kwa kuzaliwa, kama wa Marekani, hapotezi wa Kenya. Sheria yetu inaruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi mbili. Anachotakiwa mwenye uraia mwingine ni kuutangaza kwa serikali ya Kenya. Mtu mzima akiupata ng'ambo, sheria inampa miezi mitatu kufanya hivyo.

Mama asiye na cheti cha ndoa

Hapa ndipo penye uchungu zaidi. Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba, kumsajili mtoto aliyezaliwa huko kwa kawaida huhitaji cheti cha ndoa ya wazazi. Mama asiye nacho hukosa cheti cha mtoto. Bila cheti, mtoto hana pasipoti. Bila hati za kusafiria, hapewi ruhusa ya kutoka. Mama akitaka kurudi nyumbani, ni amwache mtoto au abaki naye bila vibali. Wengine walijifungulia chumbani, bila hospitali wala shahidi, kwa kuogopa kushtakiwa.

Wakenya wengi wamepitia haya. Mwaka 2023 maafisa wa Kenya walikwenda Saudi Arabia kutoa huduma za ubalozi na kuchukua sampuli za DNA za akina mama na watoto waliokuwa wamekwama bila hati. Kipimo hicho kinaonyesha kuwa mtoto ni wa mama huyu, na kwa kuwa mama ni Mkenya, mtoto ni Mkenya. Jina la baba likikosekana, uraia haupungui.

Kama binti yenu yuko katika hali hiyo, msimgombeze kwenye simu mpaka anyamaze. Akinyamaza, mtoto ndiye anayepotea. Mwombeni afanye mambo matatu: ahifadhi karatasi yoyote inayomhusu mtoto, hata kadi ya chanjo au risiti ya zahanati, awasiliane na ubalozi kwa maandishi, si kwa mdomo tu, na aandike tarehe aliyofika na jina la afisa aliyemhudumia. Akina mama kadhaa wamelalamika hadharani kuwa walizungushwa muda mrefu. Aliye na maandishi ana pa kuanzia.

Ninyi mlio nyumbani mnaweza kuandikia Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora jijini Nairobi, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Malalamiko kuhusu ofisi ya serikali iliyochelewesha huduma hupokelewa na Tume ya Haki ya Utawala, bila malipo.

Mtoto akishafika kijijini

Turudi kwa nyanya wetu. Mtoto yuko nyumbani, mama yuko mbali, cheti hakuna. Afanye nini?

Kwanza, atunze hati aliyosafiria mtoto. Wengi hurudi na hati ya dharura iliyotolewa na ubalozi, karatasi ya safari moja tu. Watu huitupa wakidhani kazi yake imekwisha. Kumbe mara nyingi ndiyo karatasi pekee ya serikali yenye jina lake, jina la mama na muhuri wa siku aliyoingia nchini.

Pili, akusanye za mama: nakala ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Mama aandike barua, aisaini, atume picha yake, kueleza kuwa amemwachia nyanya malezi ya mtoto.

Tatu, aende kwa chifu akaandikiwe barua ya kumtambulisha yeye na mtoto. Iseme ukweli: mtoto amezaliwa nje ya nchi, ni wa binti wa fulani, anaishi kwa nyanya yake tangu tarehe fulani.

Nne, aende ofisi ya msajili wa vizazi na vifo ya eneo lake, au Huduma Centre iliyo karibu, na aseme tangu mwanzo kuwa mtoto huyu amezaliwa ng'ambo. Faili lake linapita njia nyingine na si la kumalizika siku moja. Aombe kuandikiwa kila karatasi inayotakiwa, ili asirudishwe kwa kukosa moja moja huku nauli ikiisha.

Tano, kama hakuna karatasi kabisa, au mama hapatikani, amwone afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Haki ya mtoto kuwa na jina na uraia tangu kuzaliwa iko katika Ibara ya 53 ya Katiba, na Sheria ya Watoto ya 2022 inailinda. Afisa huyo anaweza kumwelekeza mahakamani ikibidi.

Na shule? Ibara hiyo hiyo ya 53 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Mtoto aendelee kusoma huku cheti kikitafutwa. Lakini nyanya asilale, kwa sababu cheti kitahitajika kwenye usajili wa mitihani ya kitaifa, na baadaye mtoto akifika miaka 18 ataulizwa tena akiomba kitambulisho.

Kwa nini usimwandikishe kama aliyezaliwa hapa

Sasa ule ushauri wa majirani. Unaonekana mwepesi: mkunga wa kijiji aseme alimzalisha, chifu apige muhuri, kwisha. Tunajua umefanywa, na kwa nia njema. Lakini tazama unavyomrudia mtoto.

Kutoa habari za uongo kwa msajili ni kosa la jinai. Aliyesaini ndiye anayeshtakiwa, na mara nyingi aliyesaini ni nyanya.

Pili, mtoto huyo anakuwa na historia mbili. Hati ya dharura aliyoingia nayo iko kwenye kumbukumbu za uhamiaji, nayo inasema alizaliwa Riyadh. Cheti kipya kinasema alizaliwa kijijini. Siku atakapoomba pasipoti, karatasi mbili zitakutana mezani kwa afisa mmoja. Aliyekuwa Mkenya halali atatazamwa kama mtu aliyeghushi uraia.

Tatu, uongo huo unaweza kumkata na haki zake za huko. Aliyezaliwa Marekani akaandikishwa Kilifi atapata kazi kubwa kueleza, akiwa na miaka 20, kuwa yeye ndiye yule aliyeandikwa kwenye cheti cha Marekani.

Na haya yote kwa ajili ya kupata kitu ambacho Katiba imekwisha kumpa. Mtu haibi kilicho chake.

Kama uongo umekwisha kuandikwa, usiufunike kwa mwingine. Mwone wakili au shirika la msaada wa kisheria kabla ya kuomba pasipoti ya mtoto, ili rekodi irekebishwe kwa njia halali.

Majina na tarehe: makosa madogo yenye gharama kubwa

Jina likiandikwa kwa Kiarabu kisha likarudishwa kwa herufi zetu, halirudi lilivyokwenda. Mwanajuma anaweza kurudi Moanagoma. Kwa msajili, herufi moja tofauti ni mtu tofauti. Mama anapopewa cheti, asome kila jina hapo hapo dirishani na alilinganishe na pasipoti yake, kabla hajasaini. Kosa likigunduliwa baadaye Kenya, kawaida hutakiwa hati ya kiapo ya kueleza kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

Tarehe nazo zina mitego miwili. Hati nyingi za Saudi Arabia hutumia kalenda ya Hijria, na mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kawaida kwa takriban siku 11. Usihesabu kwa vidole: tafsiri rasmi ndiyo iweke tarehe ya kalenda yetu. Mtego wa pili ni wa Marekani, ambako mwezi huandikwa mbele ya siku. Tarehe 03/07 kwao ni Machi 7. Kwetu inasomeka Julai 3. Unapojaza fomu, andika mwezi kwa jina.

Ndoa iliyofungwa ng'ambo

Ndoa iliyofungwa nje kwa kufuata sheria za huko hutambuliwa Kenya, ikiwa wote wawili walikuwa na haki ya kuoana. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka umri wa miaka 18. Pia inaruhusu ndoa kufungwa katika ubalozi wa Kenya. Kabla ya Mkenya kuoa au kuolewa ng'ambo, nchi nyingi humtaka alete cheti cha kuonyesha hana kizuizi cha ndoa. Hicho hutolewa na Msajili wa Ndoa, ofisi iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu, na maombi huanzia kwenye eCitizen.

Jambo ambalo familia hazipendi kulisikia ni hili: aliyefunga ndoa ya kanisani au ya serikali hapa nyumbani hawezi kuoa tena ng'ambo mpaka ile ya kwanza ivunjwe na mahakama. Ndoa hizo ni za mke mmoja. Wapo wanaosema, "Ni ndoa ya makaratasi tu." Sheria haina ndoa ya namna hiyo. Ndoa ni ndoa, na aliyeandikwa mke kwenye cheti cha kule anaweza kuja kudai urithi wa shamba la huku.

Kwa waliooana hapa kwa nikahi au kwa mila: ndoa hizo nazo husajiliwa, na hupewa cheti. Wengi hukaa miaka 20 bila kukifuata kwa sababu kijiji kizima kinajua wameoana. Ubalozi wa nchi ya kigeni hausikilizi kijiji. Mke anayetaka kumfuata mumewe Doha, au wazazi watakaojifungua huko, watakihitaji. Kifuateni kabla ya safari.

Talaka iliyotolewa na mahakama ya ng'ambo nayo iletwe kwa karatasi. Bila hukumu yenye muhuri, msajili wa hapa ataendelea kukuhesabu kuwa una mke au mume.

Kifo kikitokea mbali

Habari hufika kwa simu, mara nyingi usiku, na familia huanza kuchanga siku hiyo hiyo. Mchango ni muhimu, lakini karatasi ndizo zinazoamua mwili utaruka lini.

Kwa kawaida hutakiwa cheti cha kifo cha nchi hiyo, cheti cha kuwa mwili umetiwa dawa, cheti cha kuwa marehemu hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, pasipoti ya marehemu na barua ya ubalozi. Mamlaka za huko mara nyingi hutaka pia idhini ya maandishi ya jamaa wa karibu. Hapo ndipo nyumbani pakiwa na wake wawili, au ndugu wasioelewana, mwili hukaa kwenye chumba cha baridi miezi. Kubalianeni mapema nani atasaini, na mtu mmoja tu awe anazungumza na ubalozi.

Si kila mwili hurudi. Wengine huzikwa huko huko, kwa dini au kwa gharama. Hapo kinachorudi ni karatasi, na karatasi hiyo ndiyo mtakayoishi nayo. Cheti cha kifo kithibitishwe na kutafsiriwa kama vile cha kuzaliwa, kisha kifo kisajiliwe kupitia ubalozi. Bila cheti cha kifo, mahakama haifungui shauri la mirathi, benki haitoi pesa, na shamba haliwezi kuhamishwa kutoka jina la marehemu. Mahakama hutaka pia barua ya chifu inayotaja warithi wote. Waislamu wanaweza kwenda kwa Kadhi. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo atajwe humo, na cheti chake chenye jina la mzazi ndicho kitakachomtetea.

Na aliyekwenda akanyamaza kabisa? Sheria ya Ushahidi ya Kenya inasema mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake anaweza kuchukuliwa kuwa amefariki. Hilo huamuliwa na mahakama, si na kikao cha ukoo. Kwa sababu hiyo, ripoti polisi na kwenye Idara ya Diaspora tangu mwanzo, na utunze namba ya ripoti. Itakuwa ushahidi wa lini mliacha kumsikia.

Kwa wasikilizaji wetu wa upande wa Tanzania

Ninyi mnaotusikiliza kutoka ng'ambo ya mpaka, msichukue sheria ya Kenya mkaifanya yenu. Tanzania Bara, vizazi, ndoa na vifo viko chini ya RITA. Zanzibar ina wakala wake. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtoto aliyezaliwa nje ni raia ikiwa mama au baba ni raia, lakini uraia huo wa kurithi hauendi kizazi cha pili: aliyezaliwa nje akaupata kwa kurithi hawezi kumrithisha mwanawe atakayezaliwa nje pia. Na Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtoto mwenye uraia wa nchi mbili akifika miaka 18 anatakiwa kuukana ule mwingine ili abaki Mtanzania. Mzazi aliye Oman au Uingereza aanze kuulizia mapema, si wiki ya kutimiza miaka 18.

Jihadhari na matapeli

Penye shida ya karatasi hapakosi mtu wa kusema "nina mtu ndani." Huduma za serikali ya Kenya hulipiwa kupitia eCitizen, na namba ya malipo ni 222222. Ukiambiwa utume pesa kwa namba ya simu ya mtu ili faili lisogee, hilo si lipo la serikali. Ada hubadilika, kwa hiyo angalia iliyoko kwenye eCitizen siku unayolipa. Ukijaziwa fomu kwenye saiba, ondoka na nakala zako zote, uone picha za kitambulisho zikifutwa kwenye kompyuta, na umtake akuonyeshe kuwa ametoka kwenye akaunti yako.

Kabla mtu hajapanda ndege

Mengi ya haya huzuilika siku ya kufunga mizigo. Kama yuko wa kwenu anayejiandaa kusafiri, kaeni naye jioni moja na muhakikishe:

- Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na pasipoti yanafanana, herufi kwa herufi.
- Kama ameoa au ameolewa, cheti cha ndoa kipo na kimesajiliwa.
- Nakala za hati zote zimebaki nyumbani, na picha zake ziko kwenye simu mbili tofauti.
- Ana namba ya ubalozi wa Kenya wa nchi anayokwenda, na anajua kujiandikisha huko akifika.
- Amemtaja mtu mmoja nyumbani atakayesaini kwa niaba ya familia likitokea la kutokea.

Kwa yule nyanya ambaye mjukuu tayari amelala chumbani kwake, na ile hati ya dharura imekunjwa ndani ya kanga: ikunjue, ipige picha, uiweke mahali pakavu. Kesho asubuhi nenda kwa chifu, useme ukweli. Mtoto huyo ni Mkenya.